Video Iliyogoma Kufunguka Lipingo

Watu wakiniuliza kazi yangu nawajibu kwamba nashughulika na video za mtandaoni. Hapa Mbinga mjini jibu hilo limeniletea wateja nisiowataka. Wanadhani nina studio ya harusi. Mama mmoja alifika na flashi yenye picha za kipaimara cha mwanawe, akajikalisha kwenye kiti kusubiri zamu, na nilipomwambia simo katika biashara hiyo alinitazama kama niliyemfukuza. Siku hizi naeleza mapema.

Kazi yenyewe ni hii. Mwalimu ana masomo yake ya video na anataka wanafunzi wake tu wayaone. Video inakatwa vipande vifupi, na kila kipande kinavurugwa kwa hesabu mpaka kinakuwa takataka machoni pa asiye na ufunguo. Ukifungua ukurasa kwenye simu, programu ndogo iliyoandikwa kwa JavaScript, ambayo sisi wa kazi hii tunaiita pleya, inavileta vipande hivyo kimoja kimoja kadiri mtandao wako unavyoruhusu. Kisha inabisha hodi kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza funguo. Seva ikikutambua, inatoa ufunguo, kivinjari kinafungua vipande, nawe unatazama. Unachokosa ni faili la kuondoka nalo.

Pleya ninayoitumia ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuutengeneza palipoharibika na kuwarudishia wengine. Watu hunikodolea macho nikisema hivyo: kufuli gani hilo ambalo mchoro wake umebandikwa hadharani? Nawajibu kwamba kila seremala wa mji huu anajua kitasa kinavyofanya kazi, na bado usiku mnafunga milango na mnalala. Siri iko kwenye ufunguo. Mimi nilijifunza yote haya kwa kusoma msimbo wa watu nisiowajua sura, nikiwa na bando la wiki na birika la chai ya rangi, na leo nikisema jambo la pleya ni hivi, basi ni hivi. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Baba yangu ni Mmatengo wa Mkumbi, mtu wa kahawa na mahindi. Mama alitoka ziwani, Lipingo, na alipofariki alituachia dada yake. Kwetu dada wa mama aliyemzidi umri ni mama mkubwa, na huyu wangu ni mkubwa kwa kila namna: sauti, mwili na msimamo. Kwa miaka mingi alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha kioda, ngoma ya wanawake wa kule ufukweni. Wanajipanga mistari na sare zao, ngoma inalia, mwimbishaji anatupa maneno na wengine wanayadaka. Nyimbo anazozijua yeye zilitungwa na mama yake na wanawake wa kundi la mama yake. Wengine wanazijua nusu nusu, kiitikio na ubeti wa kwanza, basi. Ukitaka wimbo mzima unakwenda kwake.

Kisha kwenye sherehe moja mgeni fulani akawarekodi kwa simu. Hakuomba ruhusa wala hakujificha. Wiki chache baadaye kipande kile kilikuwa kinazunguka kwenye makundi ya simu, sauti yao imefutwa, na badala yake kumewekwa kicheko cha mtu na muziki wa kukimbia. Sura ya mama mkubwa, mdomo wazi katikati ya wimbo, mtu akaigeuza stika. Mimi nililetewa stika ile na mfanyakazi mwenzangu asiyejua kwamba anamcheka mama yangu. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, na sijajuta.

Mama mkubwa alikwenda kwenye mazoezi kama kawaida, lakini akawa anaitikia mstari wa nyuma. Mwishowe akaacha kwenda, akasema magoti. Magoti yake yalikuwa yanambeba kwenda shambani na kurudi, kwa hiyo hakuna aliyeamini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Wanawake wa kikundi ndio walionitafuta. Walitaka nyimbo zirekodiwe kabla hazijapotea, ili wanaojifunza wajifunze, na mabinti zao walioolewa Songea na Mbeya wazione pia. Walijua kwamba yeye hatakubali kamera. Walijua pia kwamba mimi nina kufuli. Basi nikapanda pikipiki yangu, nikashuka zile kona za kwenda Mbamba Bay, nikaiacha lami na kushika vumbi la kando ya ziwa, nikamkuta anaanua usipa kwenye chanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekutuma."

Nikasema ndiyo, wamenituma. Kwake uongo ni kupoteza muda. Nikamweleza jinsi video inavyokatwa na kufungwa, na jinsi ufunguo unavyotolewa kwa simu aliyoiruhusu mwenyewe tu. Alisikiliza huku mikono ikichambua dagaa wale, akitupa pembeni waliovunjika.

"Na mtu akishika simu nyingine akarekodi kioo?"

Ni swali ambalo wateja wangu wenye ofisi hawajawahi kuniuliza, au wameogopa kuniuliza. Nikamwambia ukweli: hilo siwezi kulizuia. Hakuna anayeweza.

Akafikiri. "Yule wa kwanza alisimama tu pale uwanjani kama watu wengine. Ukimshika utamwambia nini? Lakini huyu wa kurekodi kioo atakuwa ameingia kwangu akaiba, na mwizi ana jina lake." Akajipangusa mikono. "Nitaimba. Ila sikiliza."

Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, wa kufungua na wa kufunga awe yeye, si mimi wala mwenyekiti wa kikundi. La pili, siku ya Jumapili baada ya ibada, wanawake wote wakiwa ukumbini, video ifunguke kwenye simu yake yeye. "Sitaki kuonyeshwa kwenye simu yako. Yako inakutii wewe. Isipofunguka kwenye yangu, unaifuta mbele yetu sote, na habari ya kuimba isirudi tena nyumbani kwangu."

Nikakubali papo hapo. Ningekubali na sharti la tatu. Ndiyo kazi yangu, naifanya kila siku kwa watu ambao hata siwapendi.

Tulirekodi katika darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani, wanawake na sare zao, yeye mbele. Aliimba nyimbo zote alizoombwa, kutoka mwanzo hadi mwisho, na nilipozima kamera baadhi ya wanawake walikuwa wanafuta macho kwa ncha za kitenge. Mimi nilikuwa natazama kipimo cha sauti nikishukuru kwamba upepo haukuingia kwenye kipaza sauti. Kila mtu na ibada yake.

Nikarudi Mbinga. Nikazikata, nikazifunga, nikazipandisha kwenye seva. Nikamtengenezea mama mkubwa ukurasa wake wa Kiswahili wenye vitufe viwili vikubwa, kimoja cha kumruhusu mtu na kingine cha kumfungia. Nikajaribu kwenye simu yangu, ya jirani, ya karani wa chama cha kahawa na ya muuza vocha wa stendi. Zote zilifunguka bila kusita. Niliwafungia, zikafunga. Muuza vocha akaniuliza kama naweza kumfungia mkewe kurasa fulani, nikamwambia atafute mtu mwingine.

Jumamosi mchana nikashuka tena Lipingo, kifua mbele. Nikakaa kwenye baraza la mama mkubwa, nikapokea ugali na mboga, nikala mpaka nikalegeza mkanda. Kisha nikaomba simu yake ili niifungulie ukurasa, tuhakikishe tu, kesho tusihangaike.

Kioo kikawa cheusi. Katikati yake yakatokea maneno ya adabu niliyoyatunga mwenyewe: Samahani, video hii haiwezi kuchezwa kwa sasa.

Nikatabasamu, nikasema ni mtandao. Nikaweka simu yangu kando ya yake, laini ya kampuni ileile, baraza lilelile. Yangu ikafunguka. Nikasema basi ni kivinjari cha zamani, nikakisasisha kwa bando langu. Cheusi. Nikasema labda nafasi imejaa, nikaomba ruhusa kufuta picha za mazishi ya watu nisiowajua. Cheusi. Wanawake wawili wa kikundi walikuwa wamekuja kuchungulia, nikaomba simu zao. Cheusi na cheusi. Simu ya mmoja wao ilikuwa mpya kabisa, nailoni ya kioo haijatolewa. Akapita mwalimu wa sekondari anarudi kutoka dukani, nikamwomba naye. Yake ikafunguka kama mlango wa kanisa.

Nakumbuka vizuri nilivyojisikia, nami sikuwa na hofu bado. Nilikuwa na hasira. Nilijisikia kama mtu aliyetukanwa hadharani na mbwa wake mwenyewe. Nilikuwa nimeufunga na kuufungua mlango huu kwa mamia ya watu, na sasa ulikuwa unawakatalia wanawake wa kioda, hao tu, kana kwamba umewachagua. Hofu ilikuja baadaye kidogo, pale mama mkubwa alipoinuka, akachukua ndoo yake, na kusema kwa upole ambao sikuuzoea, "Kesho ndiyo Jumapili, mwanangu." Alikuwa ananipa nafasi ya kushindwa bila aibu. Afadhali angenikemea.

Nikahamia kwenye baraza la shule, ambako mtandao una nguvu. Nikachomeka simu yake kwenye kompyuta kwa waya ili niyaone yale ambayo pleya huwa inayasema kimoyomoyo. Maneno yangu ya adabu yalikuwa yameficha sababu. Sababu yenyewe ilikuwa imeandikwa pale kwa herufi nyekundu, mara nyingi kama nilivyojaribu: ruhusa hii bado haijaanza kutumika.

Hapo niseme kidogo. Seva inapomkubali mtu inampa ruhusa ya muda mfupi, yenye saa ya kuanza na saa ya kwisha, na pleya kabla haijaomba ufunguo inalinganisha saa hizo na saa ya simu. Ruhusa ya mama mkubwa ilikuwa imetoka dakika chache zilizopita. Kwa nini simu iseme kwamba bado haijaanza?

Nikatazama pembe ya juu ya kioo cha simu. 10:10. Nikatazama kompyuta. 16:10. Saa kumi na dakika kumi, na saa kumi na dakika kumi. Sawasawa. Nikaendelea kutafuta kwingine.

Naam. Niliendelea kutafuta kwingine. Nilikuwa nimetazama pembe ile mchana kutwa, na mchana kutwa simu ilikuwa inanieleza ukweli mtupu, kwamba jua limeelekea upande wa Malawi na sasa ni saa kumi. Sisi tunaona tarakimu kumi na sita na mdomo unasema saa kumi bila akili kushirikishwa, kwa hiyo nilipoona kumi iliyoandikwa kumi, macho yangu yalipita tu. Mgeni asiyejua neno la Kiswahili angeigundua kabla hajakaa. Ilinibidi mimi, mtaalamu wa pleya, niisome mistari ile nyekundu tena, saa ya ruhusa na saa ya kifaa zikiwa zimepishana kwa robo ya siku, ndipo akili ikanikaa sawa.

Nikainua kichwa. Mama mkubwa alikuwa anakuja na ndoo ya maji kichwani.

"Mama, saa ya simu yako ulirekebisha?"

"Nilirekebishiwa. Ilikuja mbovu." Akaitua ndoo. "Tunakula chakula cha mchana, yenyewe inasema saa moja. Nikampelekea fundi wa simu sokoni, akaiweka sawa. Na hawa wengine wote niliwapeleka kwa fundi huyohuyo, maana kila mtu alikuwa anafika mazoezini na saa yake ya kichwani."

Kikundi kizima. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akasimama pale kusubiri nimalize. Kisha nikafanya lile ambalo fundi yeyote angefanya: nikafungua mipangilio ya simu ili niirudishe kwenye saa ya mtandao. Ni kitufe kimoja. Kidole changu kilikuwa hewani aliponinyang'anya simu.

"Saa yangu usiiguse."

"Mama, ndiyo inayozuia video."

"Imekosea nini? Sasa hivi ni saa kumi au si saa kumi?"

"Ni saa kumi."

"Basi."

Akaiweka simu kifuani, ndani ya fundo la kitenge, na akanikata jicho. Alikuwa na haki. Simu yake ilikuwa imeambiwa iseme saa, na inasema saa, ileile inayosomwa na kanisa lake, redio yake na dawa zake za presha. Pleya ndiyo iliyokuwa mjinga. Ilimwuliza mtu saa, ikajibiwa vizuri, ikakataa kuelewa, kisha ikamwita yeye mwongo. Na mimi nilikuwa nakaribia kumtaka mama huyu aishi kwa saa ya kigeni siku zake zote ili kufuli langu lisisumbuke.

Nikakaa chini kuandika. Msimbo wa pleya ulikuwa wazi mbele yangu, na hapo ndipo nilipowabariki watu wote duniani walioandika kitu na kukiacha wazi. Ingekuwa programu ya kununuliwa ningeandika barua kwa kampuni na kusubiri mpaka Krismasi. Nilitafuta mahali ambapo pleya inauliza simu ni saa ngapi, nikapaondoa. Badala yake nikaifundisha iiulize seva, itafute tofauti kati ya jibu la seva na saa ya simu, iikumbuke tofauti hiyo, na ihesabu kwa hiyo. Simu ya mtu isome vyovyote atakavyo mwenyewe. Haikuwa kazi kubwa. Kilichokuwa kikubwa ni kujua kwamba inahitajika, na hilo lilihitaji Lipingo.

Kabla giza halijaingia nikatuma marekebisho yale kule yanakotunzwa, kwa ajili ya wengine wote wanaotumia pleya hiyo, nikieleza tatizo. Mmoja wa watunzaji, mtu wa mbali, hakukawia kunijibu. Aliandika kwa upole kwamba saa ya kifaa kupishana kwa muda mrefu hivyo ni kosa la mtumiaji, na kwamba ningewashauri tu warekebishe saa zao.

Damu ilinipanda. Niliandika jibu refu, nikalifuta kwa sababu lilikuwa na matusi, nikaandika fupi. Nilimweleza kwamba huku siku inaanza jua linapochomoza, na saa ya kwanza tangu hapo ni saa moja. Nikasema saa zao ziko sahihi, na wanaohesabu hivyo ni watu wengi katika nchi kadhaa, ambao hawajawahi kuombwa maoni na mtu aliyeandika mstari ule. Nikasema programu inayojiita ya watu wote isigombane na bibi wa watu kuhusu saa. Sikuomba radhi kwa Kiingereza changu wala kwa lolote. Niruke mbele kidogo: walijadiliana wiki kadhaa, mmoja akaomba majaribio zaidi nikayapeleka, na mstari wangu ukaingia. Upo mpaka leo. Ukitazama video iliyofungwa mahali fulani duniani na simu yako ina saa yake ya kivyako, huenda mama mkubwa amekufungulia.

Lakini Jumapili ile nilikuwa na nakala yangu tu kwenye seva yangu, na mama mkubwa alikataa niijaribu kwenye simu yake usiku. Alisema ameshalala nayo. Nilikuwa nimeijaribu kwenye yangu, baada ya kuirudisha nyuma kwa saa sita, na ilifunguka. Kwangu hilo lilitosha. Nililala vizuri, na asiyeamini aje aulize.

Baada ya ibada wanawake wakahamia ukumbini, wakavuta mabenchi kuelekea mbele. Mama mkubwa akakaa kwenye kiti, akatoa simu kwenye fundo, akavaa miwani. Hakubonyeza.

"Kwanza nione kama inafunga," akasema. "Mfungie mmoja." Akaangaza macho ukumbini, wanawake wakainamisha vichwa kama wanafunzi wasiojua jibu. Kisha akanigeukia. "Nakufungia wewe."

Nikamwonyesha kitufe. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kana kwamba anaua chawa. Nikainua simu yangu juu wote waone. Kioo cheusi, na samahani yangu ya adabu katikati. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mwenye nyumba yuko nje, mtu akasema. Nami nilicheka, ila niseme kweli, kuna kitu kilinichoma kidogo. Niliijenga nyumba ile kwa mikono yangu, na sikuwa na hata kadirisha.

Ndipo akafungua yake. Niliwekea simu kipaza sauti cha kanisa ili wote wasikie. Duara dogo la kupakia likazunguka mara chache, mimi nikahesabu pumzi zangu bila kutaka, kisha darasa likatokea, mistari ya sare, na sauti yake ikatoka ikajaa ukumbi. Hakuna aliyepiga vigelegele safari hii. Niliwatazama wao badala ya kioo, maana kioo changu kilikuwa cheusi, na niliona midomo ikitembea na wimbo. Nilijua nimeshinda. Sioni haya kulitaja neno hilo. Nilitaka kumpigia baba simu Mkumbi saa ileile.

Mama mkubwa alitazama wimbo wa kwanza wote bila kutikisika. Akatazama wa pili. Katikati ya wa tatu akaigandisha video, akavua miwani.

"Futa," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Mama, si imefunguka? Tulikubaliana isipofunguka."

"Imefunguka. Umefanya vizuri, mwanangu, wewe ni mtoto wa dada yangu kweli. Sasa futa."

Machozi yalinijia, ya hasira na ya uchungu kwa pamoja, na niliyaacha yatoke. Mwenyekiti wa kikundi akaanza kusihi, mama tafadhali, mama fikiria watoto, na yeye akampungia mkono wa kumnyamazisha. Kisha akainyanyua simu, akaielekeza kwetu, pale alipokuwa amegandisha wimbo.

"Njooni mtazame huyu mtu."

Tukasogea. Alikuwa yeye, mbele ya mistari, amebana mikono mbavuni. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo tu, kama wa mtu anayemnong'oneza jirani kanisani. Macho hayakuwatazama wenzake. Yalikuwa yanatazama kamera, pembeni, kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Huyu anaogopa," akasema mama mkubwa. "Mama yangu hakuuimba wimbo huu hivi. Mdomo ulikuwa unafunguka mpaka unaona meno ya nyuma. Siku ile sikujua kama mlango wako unafunga, nikaimba nusu. Mkiwafundisha watoto kwa huyu, watajifunza kuogopa." Akanikabidhi simu yake, ukurasa ukiwa wazi. "Leo nimejua unafunga. Futa huyu."

Nikaingia kwenye seva, nikafuta mbele yao wote, kisha nikaenda kwenye pikipiki kuchukua kamera.